Mfereji Uliofagiwa kwa Ajili ya Mgeni

Vijana, mkitaka kujua mfereji unavuja wapi, msiyategemee macho. Macho yanaona maji yanakotokea, hayaoni yanakoingilia. Chukua konzi ya pumba za mahindi, itupe juu ya maji, kisha tembea nayo taratibu ukingoni. Pumba zitakwenda, zitakwenda, halafu mahali fulani zitaanza kuzunguka kama watu wanaotafuta mlango. Hapo ndipo fuko alipotoboa. Vua, ingia, ziba kutoka ndani kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na samadi. Ukiziba nje, kule maji yanakomwagika, utaziba asubuhi, mchana utaziba tena, na jioni utamtafuta mchawi.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ninalolijua kwa hakika. Mengine nayajua nusunusu. Nilisoma mpaka darasa la nne, na sijui kama naandika jinsi inavyotakiwa. Mahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Mahali ambapo mwenzangu angesimulia vingine nitajaribu kumsemea na yeye, maana wengi hawapo tena wa kujitetea.

Kazi yangu ilikuwa mfereji. Wakati wa Mwingereza palikuwa na shamba kubwa la miwati upande huu wa Njombe, ukielekea Makambako. Miwati ilikatwa, ikabanduliwa magome, na magome yakapelekwa kiwandani kupikwa dawa ya kutengenezea ngozi. Kiwanda kilikunywa maji kuliko ng'ombe wa tarafa nzima. Maji hayo yaliletwa na mfereji uliochimbwa kwa majembe, kuanzia banio, pale mto ulipozuiwa kwa mawe, ukazunguka vilima mpaka bwawa la kiwanda. Kwa miguu ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Chini ya ukingo, bondeni, wanawake walilima vinyungu, zile bustani za kiangazi ambazo bila maji ni vumbi tu. Jumamosi mchana, kiwanda kikilala, waliruhusiwa kufungua vitundu ukingoni na kumwagilia.

Na mfereji huo ulikuwa na mashua. Chekeni tu. Watu wa milimani, bahari tunaijua kwa Biblia, tuna mashua. Aliitengeneza meneja wa shamba kwa mikono yake. Jina lake la kwao naliacha. Sisi tulimwita Bwana Randa, kwa kuwa saa zake za mapumziko alizimalizia uani akilainisha mbao. Alituambia kwao kuna mifereji mirefu kuliko barabara ya Njombe kwenda Songea, na watu husafiri humo kwa mashua nyembamba zinazovutwa na farasi, polepole, wakinywa chai. Hatukumwamini. Mtu mwenye farasi kwa nini asimpande?

Mashua yake ilikuwa ndefu na nyembamba kama mzinga wa nyuki, ya kijani, na ubavuni alikuwa amechora maua mekundu na nyumba ya mawe yenye mnara. Ilibeba magome kutoka vitalu vya mbali. Mbele, ukingoni, alitembea punda na kamba. Tulimwita Karani, kwa sababu ikifika saa sita mchana alisimama, na hakuna fimbo iliyomrudisha kazini mpaka apumzike. Nyuma alisimama Mzee Lutengano ameshika usukani. Mimi nilikaa mbele na upondo, nikisukuma pua ya mashua isigonge ukingo kwenye kona. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeoa, lakini Mzee Lutengano hakuniita Yeremia, aliniita kijana mpaka siku aliyostaafu, na mimi nilimwita baba.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Hakupenda kueleza. Siku moja alichomeka kijiti mferejini, akakikata alama pale maji yalipofika, akaniambia nikate majani yote ya pande mbili kutoka pale mpaka kwenye mwamba. Nikakata. Niliporudi, alama ilikuwa juu hewani na maji yako chini yake kabisa.

"Nani amekunywa maji?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Hakuna aliyekunywa. Yamekimbia. Majani ndiyo yaliyokuwa yakiyashika shati." Akaketi. "Majani ya mfereji ni kama nywele za mzee. Hupunguzwa, hayanyolewi. Mwezi huu upande wa juu, mwezi ujao upande wa chini. Umesikia?"

Nilisikia. Laiti angekuwa amewaambia na wengine. Lakini wengine hawakuwa vibarua wake, na nani humfundisha jirani kazi ambayo si yake?

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mwaka huo wenye shamba, waliokaa mbali, walimtaka Bwana Randa awaambie jambo moja: mfereji uendelee, au walete bomba la chuma lipite mgongo wa kilima moja kwa moja hadi kiwandani. Banio lilikuwa moja. Maji yakiingia bombani, mfereji unakufa, na vinyungu vyote vilivyo chini yake vinakufa nao. Nataka nilitendee haki hata bomba. Fuko hatoboi chuma. Majani hayaoti ndani ya chuma. Na ukingo ukibomoka wakati wa mvua kubwa, kiwanda kilisimama na watu wakarudishwa nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo waliosema bomba lije hawakuwa watu wabaya.

Bwana Randa hakutuficha. Alitukusanya kiwandani akasema, kwa Kiswahili chake cha kupimapima, "Mimi bado sijui. Mama yangu anakuja kunitembelea. Jumamosi nitasafiri naye kwa mashua kutoka banio mpaka bwawani. Bila mzigo, bila haraka. Nitautazama mfereji wote. Halafu nitajibu."

Habari hiyo ilifika vinyunguni kabla hatujatawanyika.

Aliyeibeba moyoni kuliko wote alikuwa Mama Twilumba. Huyu alikuwa mjane, shemeji yake Mzee Lutengano, mke wa marehemu kaka yake. Kinyungu chake kilikuwa kwenye kona kubwa ya mfereji, na kutoka pale aliwalisha wajukuu walioachwa na binti yake. Mwezi wa kupanda ulikuwa umeingia, wenzake wengine wamekwisha kufukia, yeye hajaanza. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya meko, moshini, na maharage yalikuwa kwenye kibuyu na majivu yake. Nilimpitia siku moja nikamuuliza anangoja nini.

"Nangoja wewe na wenzako mniambie kama nina maji," alisema. "Mbegu ni hizi tu. Nikizizika na bomba likaja, hawa nitawapa nini, magome?"

Nilisema Mungu yupo, neno ambalo ni kweli lakini halimwagilii.

Ijumaa tulikwenda Makambako kumpokea mgeni, Bwana Randa na mimi, kwa Landrova. Makambako haikuwa kama mnavyoiona. Palikuwa njia panda, maduka machache, na upepo. Mwezi wa saba upepo wa Makambako haumjui mgeni wala mwenyeji. Basi lilipofika kutoka Iringa, alishuka bibi mfupi, mnene kidogo, mweupe hata nyusi. Hajakanyaga chini vizuri, kofia yake ikaenda. Niliikimbilia mpaka nyuma ya maduka. Niliporudi nayo imejaa vumbi, aliitazama, akasema neno, Bwana Randa akacheka.

"Anasema kofia imefika mapema kuliko yeye," akaniambia.

Njiani Bwana Randa alinieleza jambo ambalo sikulielewa vizuri mpaka kesho yake: mama yake alizaliwa ndani ya mashua. Baba yake alikuwa mbebaji wa makaa ya mawe kwenye mifereji ya kwao, na wote, wazazi na watoto, waliishi humohumo ndani.

Sasa angalieni. Ijumaa hiyohiyo mimi niko Makambako. Mzee Lutengano naye yuko Lupembe, msibani. Mfereji hauna mtu. Na wanawake wanajua kesho mgeni anapita, tena si mgeni tu, mama mzazi wa mtu mwenye kuamua. Kwetu mgeni akija unafanya nini? Unafagia. Unafagia uwanja, unafagia njia mpaka barabarani, hata ambako hatapita. Mama Twilumba akawaambia wenzake kwamba Bwana Randa akiukuta mfereji una nyasi kama kichaka atasema umezeeka, na akiukuta safi ataona una wenyewe.

Sehemu ya juu ya mfereji ilipakana na watu wa usharika wetu, Walutheri. Sehemu ya chini ilikuwa ya Wakatoliki, upande wa misheni. Walutheri walipoanza kukata, habari ikashuka bondeni, na Wakatoliki wakatoka na miundu yao. Mnajua inavyokuwa. Kundi moja likikata upande mmoja, jingine linakata pande mbili. Walipokata pande mbili, wa kwanza wakaingia majini kung'oa mizizi. Mpaka jua linazama hapakubaki jani mferejini, na majani yote yalikuwa yamefungwa mafurushi na kupangwa ukingoni kama kuni za harusi. Nikiwa mkweli, Wakatoliki walikata vizuri kuliko sisi. Nasema hivyo ingawa mke wangu alikuwa upande wetu, na nilipomwambia alininyima chai.

Asubuhi palikuwa na ukungu na umande wa barafu. Mzee Lutengano alifika banioni moja kwa moja kutoka Lupembe, macho mekundu ya kukesha. Mgeni alikaa katikati ya mashua, amejifunika blanketi, na Bwana Randa karibu yake na chupa ya chai. Karani akaanza kuvuta. Pale mwanzo pana kina siku zote, kwa sababu ya kizingiti cha mawe, kwa hiyo tuliteleza vizuri. Ukungu ulikuwa ukiinuka juu ya miwati, na kwato za punda zilikuwa ndiyo kelele pekee. Yule bibi alifumba macho. Nilidhani amelala, kumbe anasikiliza.

Tulipita kizingiti. Mashua ikaanza kwenda kasi kuliko kawaida. Mzee Lutengano akanyoosha shingo. Kisha tukaona kona kubwa, na ukingoni wamesimama wanawake wa usharika wetu katika nguo za Jumapili, wamejipanga, Mama Twilumba mbele, vinywa tayari kwa wimbo. Na kabla hawajatoa sauti ya kwanza, mashua ikasema "krrr" chini yetu, ikasimama. Karani alivuta kidogo, akatazama nyuma, akaacha.

"Kijana," akaniita Mzee Lutengano, "chomeka upondo."

Nikachomeka. Maji yalifika mahali ambapo kwa mtu ni kifundo cha mguu.

"Hii ni nini?" akauliza Bwana Randa.

"Usafi, Bwana," akajibu Mzee Lutengano.

Wimbo haukuimbwa. Wanawake walitutazama, wakatazamana. Mzee Lutengano alishuka akaenda mpaka kwa shemeji yake, akasema kwa Kibena, lakini nayaweka kwa Kiswahili ili wote mfuate:

"Shemeji, umemnyoa mzee mpaka fuvu."

"Nimenyoa nini? Wewe ulikuwa unakula nyama ya msiba, sisi tuko kwenye maji ya baridi mpaka kiunoni. Mgeni apite kwenye magugu?"

"Magugu ndiyo yaliyokuwa yanabeba maji."

"Tangu lini majani yakabeba maji? Yanayanywa."

"Tazama mashua."

Akatazama. Nilikuwa karibu, nikamwona akielewa. Kisha alisema polepole, si kwetu, "Basi nimeuua kwa mkono wangu." Maana Bwana Randa alikuwa amesimama kwenye mashua iliyokwama, siku aliyosema atautazama mfereji na kuamua, na alichokuwa akitazama ni tope.

Sitajidai najua alichokuwa akiwaza. Alikuwa na uso wa mtu aliyeandaa zawadi ikavunjika mbele ya mama yake. Wapo waliosema alikuwa amekwisha kuamua bomba pale pale. Mimi sikumsikia akisema.

Mzee Lutengano akapandisha suruali. "Rudisheni majani."

"Turudishe?" akasema mwanamke mmoja nyuma. "Tuyapande upya?"

"Tupeni mafurushi mferejini, pale mbele. Yapangeni, yakanyageni. Maji yatainuka nyuma yake. Mashua ikifika pale, tunabomoa, tunajenga mbele zaidi."

Hapo nadhani kila mtu alisubiri Mama Twilumba. Alivua kanga ya Jumapili, akaikunja, akaiweka juu ya kichaka, akabeba furushi la kwanza na kuingia nalo majini. Wengine wakafuata na nguo zao nzuri. Walipanga majani, wakakanyaga, wakaongeza udongo, na sasa wimbo ukaanza, si ule waliouandaa kwa mgeni, ule wa kukanyagia udongo wa nyumba. Sisi watu wa mashua tulisubiri maji.

Kusubiri maji ni kazi, vijana. Hayaji ukiyatazama. Yule bibi alishuka bila kusaidiwa, akakaa ukingoni, akamimina chai. Mama Twilumba, aliyelowa mpaka mabegani, alipotoka kupumua, bibi akamwita kwa mkono na kumpa kikombe. Kwa hiyo wakakaa pamoja. Mazungumzo yao yalipita njia ndefu: bibi kwa Kiingereza, Bwana Randa kwa Kiswahili, mimi kwa Kibena, kisha kurudi hivyohivyo. Huenda kitu kilidondoka njiani. Lakini nakumbuka hivi.

"Kamwene," alianza Mama Twilumba kwa salamu ya kwetu. "Huyu anasema mlizaliwa kwenye mashua. Ni kweli?"

"Kweli. Na wadogo zangu wote."

"Nyumba ilikuwa wapi?"

"Hiyo hiyo."

"Na shamba?"

"Hatukuwa na shamba."

Mama Twilumba akanigeukia. "Umemwambia vizuri? Muulize walipanda wapi."

Nikauliza. Jibu likarudi: hawakupanda. Hawakuwa na hata tuta moja. Mama Twilumba alimtazama yule mama wa kizungu, viatu vyake, blanketi lake zuri, akasema kutoka moyoni, "Pole sana, mama. Mlikuwa maskini hasa."

Bwana Randa alisita kutafsiri. Akatafsiri. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema jambo refu. Kule kwao, alisema, kando ya mfereji waliishi watu wenye bustani ndogo, kabichi mpaka kwenye ukingo wa maji, na yeye akiwa msichana aliwaonea wivu kuliko malkia. Baba yake alisogeza mashua karibu, na mama yake alinyoosha mkono.

"Mliiba kabichi?" Mama Twilumba akauliza.

"Kila zilipokuwa kubwa."

"Hata hapa wapo," akasema Mama Twilumba, akamtazama Mzee Lutengano, "wanaopita na mashua, na mahindi mabichi yakapungua."

"Shemeji, yale ni punda," akasema Mzee Lutengano.

"Punda hachomi mahindi."

Maji yalikuwa yameinuka. Mashua ikatikisika, ikajinyanyua yenyewe kama mtu anayeamka. Tulipanda tena, na bibi akafanya jambo ambalo hatukulitegemea: alikwenda nyuma na kuomba usukani. Mzee Lutengano alisita, nilimwona, maana usukani ule hakumpa hata Bwana Randa. Akampa. Bibi aliuegemeza kiunoni, kama unavyombeba mtoto, akaipitisha mashua kwenye kona kubwa bila mimi kugusa ukingo kwa upondo. Mzee Lutengano alikaa chini. Sikuwa nimemwona amekaa kwenye mashua ile kabla ya hapo.

Tukasafiri hivyo siku nzima. Bwawa la majani mbele, maji yanapanda, tunafika, tunabomoa, wanawake wanabeba mafurushi wanakwenda mbele. Tulikuwa watu tunaohama na mto wetu. Jua lilitoka, vitalu vya miwati vikapita polepole kabisa, maua yake ya njano yakidondoka majini. Tulichoma viazi ukingoni. Karani alisimama saa sita kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyemkasirikia, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kufika kila mahali.

Tulipofika mpaka wa Wakatoliki, nilitegemea maneno. Jana yake walikuwa wametushinda kwa usafi, na sasa sisi tunakuja kuchafua. Kiongozi wao, mama mmoja mrefu ambaye jina lake limenitoka, na najilaumu, alisimama juu ya mafurushi yao akauliza, "Mmefanya nini huko juu?"

Mama Twilumba akajibu, "Tulikata sana."

"Kiasi gani?"

"Kama ninyi."

Yule mama alitazama mashua, akatazama kazi yao nzuri, akavuta pumzi. "Haya. Lakini bwawa la upande huu tunajenga wenyewe." Wakajenga. Bwawa lao lilishika maji kuliko letu, hilo nalo niliandike.

Kuna kitu kilitokea wakati huo ambacho wengi hawakukiona, kwa sababu walikuwa wakitazama mashua. Maji yalipoinuka nyuma ya kila bwawa, yalifika kwenye vitundu vya vinyungu. Kiwanda kilikuwa kimelala, ilikuwa zamu yao. Bondeni chini yetu matuta yalianza kuwa meusi, moja baada ya jingine. Bwana Randa alisimama kwenye mashua akatazama matuta yale kwa muda mrefu. Mzee Lutengano baadaye alidai ndiye aliyemwonyesha. Mke wangu alisema ni yule bibi aliyemvuta shati. Nilikuwa mbele na mgongo wangu ulikuwa kwao, siwezi kuhukumu.

Tulifika bwawa la kiwanda jua likiwa limeegemea. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamefika nasi, wamechoka, matope mpaka kwenye vilemba. Bwana Randa alimshusha mama yake, kisha akabaki amesimama, na watu wakasogea kumsikiliza.

"Mashua hii," alisema, "niliitengeneza kwa mapenzi. Lakini ni ya polepole mno. Kuanzia msimu ujao magome yatapanda lori."

Nilimtazama Mzee Lutengano. Hakutikisika, ila mkono wake ulikuwa juu ya ule ubavu wenye maua.

"Bomba nalo," Bwana Randa akaendelea, "nililifikiria sana. Lakini leo mfereji umekauka, na kabla sijaita mtu, watu wamefika. Bomba likipasuka kule mlimani, nani atakwenda na furushi kichwani? Nitawaambia wenye shamba mfereji ubaki. Lutengano na Yeremia wautunze. Na majani..." akatafuta neno, "yasinyolewe."

Baadhi ya wanawake walipiga vigelegele. Mama Twilumba hakupiga. Alikuwa anangoja nimtafsirie, neno kwa neno, na nilipomaliza akaniambia nimuulize tena kama ni hakika. Bwana Randa aliisikia sauti yake kabla ya maneno yangu. Akamsogelea.

"Mama, mbegu zako ziko wapi?"

"Moshini," nikamjibia, baada ya kumuuliza.

"Mwambie azishushe."

Nikamwambia. Alifunga kanga yake vizuri, akanijibu, "Mwambie angesema mwezi uliopita." Neno hilo sikulitafsiri, na sijui hadi leo kama nilifanya haki.

Mzee Lutengano alibaki bwawani mpaka wote wakaondoka. Nilimsubiri. Nikamwambia, "Pole, baba, kwa mashua." Akasema, "Mashua ni ya kwake, alikuwa akiniazima. Mfereji ndio kazi." Lakini alitembea nyumbani bila kusema lingine, kwa hiyo msije mkadhani haikumuuma. Sisi wawili tulikuwa tumeipoteza kazi moja na kupewa nyingine siku hiyohiyo, na moyo wa mtu hauhami haraka kama lori. Mfereji ule niliutunza mpaka nilipostaafu, na wengi waliojenga mabwawa siku ile walikuja kuwa walimu wangu wa pili: walijua kila fuko kwa jina la ukoo wake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na hakuna Mlutheri aliyegusa jembe. Jumatatu asubuhi nilipita ukingoni kwa kona kubwa. Mama Twilumba alikuwa ameinama katikati ya matuta meusi, nusu ya kinyungu kimekwisha, wajukuu wakimfuata nyuma na kufukia kwa miguu. Nikamsalimu, "Kamwene." Hakuinuka. Alisema nisimsemeshe, amechelewa, na kama nina mikono mitupu nishuke nishike jembe.

Nikashuka.